Dereva Aliyelaza Ng'ombe Wake Katika Mazizi ya Watu: Maisha ya Mzee Zablon Gisiri Maroa, 1958–2025

Wasifu huu unasomwa kwa Kiswahili kwa makubaliano. Ndugu wa marehemu walitaka Kikuria, sisi watu wa mke wake kutoka Sindo tukataka Dholuo, na kila upande uliogopa kwamba kuna jambo litapita bila wao kulisikia. Marehemu mwenyewe aliongea lugha zote tatu na hakuna hata moja aliyoitumia kujisifu, kwa hiyo na sisi tutasema yaliyokuwa bila kuyapaka mafuta. Anayewasomea ni shemeji yake Eucabeth Akumu, mdogo wa mjane, ambaye wengi wenu mnamjua kwa biashara ya samaki wa omena.

Mzee Zablon Gisiri Maroa alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Ikerege, Kuria Magharibi, mtoto wa pili na mvulana wa kwanza wa marehemu Mzee Maroa Nyangau na marehemu Mama Susana Robi. Baba yake alikuwa na ng'ombe wa kutosha kuitwa kila mahali penye shauri la mahari. Mwaka 1969 ugonjwa wa ndigana uliingia katika zizi lile, na kabla ya mvua ndefu kuisha zizi likabaki uwanja wa kuchezea watoto. Aliyeokoka ni jike mmoja tu, naye aliokoka kwa sababu hakuwepo. Alikuwa amewekwa kwa rafiki wa Mzee Maroa, ng'ambo ya mto Migori.

Desturi hiyo wazee wanaijua, lakini hapa kuna vijana waliokulia mjini, basi wavumilieni tukiieleza. Mwenye ng'ombe humpa rafiki wa mbali amfugie. Rafiki anakunywa maziwa, samadi anapeleka shambani kwake, na baada ya uzao fulani waliokubaliana anapata ndama wake mwenyewe. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Karatasi hakuna. Kuna neno la watu wawili na ukimya, kwa maana ng'ombe anayejulikana na ukoo mzima huwa na wajomba wengi. Jike yule wa ng'ambo ndiye aliyemsomesha Gisiri, ndama wake wakiuzwa kulipa karo.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1967 na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1973. Alipita. Akaingia sekondari mjini Migori, akasoma kidato cha kwanza na cha pili. Hapo jike akazeeka, na masomo yakazeeka pamoja naye. Hakulia wala hakumlaumu mtu. Alipanda lori la kubeba tumbaku kama turnboi, yaani utingo, akaosha magurudumu, akajifunza usukani kwa kuangalia, na mwaka 1978 akapata leseni ya udereva mjini Kisumu. Alisema mwalimu wake wa pili, baada ya jike yule, alikuwa dereva yule wa lori, mtu aliyepata hela kila wiki na kila Jumatatu akakopa chai.

Tarehe 1 Julai 1980 aliajiriwa na serikali kama dereva katika idara ya mifugo, kituo cha Homa Bay. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupeleka maafisa na mitego ya mbung'o katika Bonde la Lambwe. Baadaye ikawa chanjo na majosho, kutoka ufuo wa ziwa hadi mpaka wa Tanzania. Mwaka 1993 alihamishiwa Migori, na huko alibaki hadi mwisho wa kazi. Dereva wa mifugo haegeshi gari ofisini. Anaegesha bomani kwa watu, na wakati daktari anachoma sindano yeye anakaa kivulini na mwenye boma, wanaongea. Kwa njia hiyo marehemu alijua ni nani anaamka mapema, ni nani ana maji karibu, ni boma gani mume na mke wanaelewana. Alijua pia ni nani anapiga ng'ombe.

Maisha yake yote ya pesa yalianzia hapo. Mshahara ulikuwa wa nyumba: unga, karo, na mchango wake wa ushirika uliokatwa kabla haujamfikia. Hakuugusa kwa jambo lingine. Marupurupu ya kulala nje ya kituo ndiyo yaliyokuwa yake, na wenzake walipokuwa wakiyalalia hotelini na kuyanywa, yeye alilala ndani ya Landrova. Yakifika kiasi, alinunua mtamba katika boma aliloliamini na kumwacha palepale. Daktari mmoja kijana aliwahi kumtania mbele ya watu:

"Gisiri, sisi tunakula pesa ya safari tunanenepa. Wewe yako inaenda wapi?"

"Inakula majani, daktari."

"Majani gani?"

"Hayo unayokanyaga."

Yule daktari alicheka, akafikiri dereva wake ni mtu wa mzaha. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa mtamba wa dereva.

Mke wake alimpata Sindo mwaka 1985. Phelesia Adongo alikuwa akishona nguo barazani kwa duka la Sharif, karibu na soko la samaki, na marehemu alimletea kiti cha gari kilichopasuka. Walibishana bei hadi wateja wengine wakasahau shida zao. Alilipa alichotaka Phelesia. Baada ya wiki mbili akarudi na kiti kilekile, kimepasuka upya.

"Hii imepasuka aje?" dada yetu akamuuliza. "Hapa pamekatwa na kisu."

"Barabara ya Lambwe ni mbaya sana, nyar Sindo," akajibu, akimwita binti wa Sindo kwa Dholuo.

"Barabara iko na kisu?"

Basi ikabidi aseme ukweli, na kwa kuwa alikuwa ametozwa bei ya juu mara ya pili, alisema alitaka kupata faida yake kwa njia nyingine.

Mashauri ya mahari yalifanyika nyumbani kwetu Sindo tarehe 20 Desemba 1986. Kuna jambo la siku ile ambalo upande wetu ulilijua baada ya miaka mingi, na tulinyamaza kwa sababu tulikuwa tumeshakula. Baba yetu alikohoa, akajipa ujasiri, akataja ng'ombe nane na mbuzi wawili, akijua anaomba kwa kiburi. Mjomba wa marehemu, mzee aliyezoea mahari ya Kikuria ambayo hata fisi akisikia hutetemeka, alishtuka.

"Nane tu?" akasema.

Marehemu akamkanyaga mguu. Mzee yule akameza mate, akamalizia sentensi yake hivi: "Nane tu ni mzigo mkubwa, jaduong', mzee wetu. Sisi ni watu maskini." Wakashuka hadi saba. Ndoa ilibarikiwa kanisani Sindo mwaka uliofuata, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lynnet Robi mwaka 1988 na Willis Maroa mwaka 1991. Nyumba yao haikuwa na kelele. Kama palikuwa na ugomvi, ulifanywa kwa Dholuo, lugha ambayo marehemu alidai huisahau akikasirika.

Watu wengi hufikiria kustaafu siku wanapopewa keki. Yeye alianza akiwa na miaka hamsini na tano. Alimaliza mkopo wa ushirika na hakuchukua mwingine, ingawa karani alimbembeleza. Alibadilisha mabati ya nyumba mshahara ukiwa bado unaingia. Alimlipia Lynnet mwaka wa mwisho wa uuguzi, na Willis akamnunulia vifaa vya umekanika, akamwambia hivyo ndivyo urithi wake, asingoje kingine. Willis alikasirika miezi mitatu. Leo ana gereji Migori mjini na ameajiri watu.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2018. Kabla hata hajarudisha funguo za gari, mipango ikaanza kuingia kwa mlango. Mpwa mmoja alikuwa na matatu ya kuuza, ikihitaji injini tu. Mtu kutoka mjini alikuwa na ploti ambazo hazionekani kwa macho mpaka ulipe. Na mdogo wake, Mzee Nyangau, ambaye yupo hapa na ameturuhusu tuseme, alikuja na mchoro wa nyumba ya ghorofa.

"Ndugu yangu," Nyangau alimwambia, "mtu ametumikia serikali tangu mimi nikiwa kijana, halafu anarudi kwa baba yake na nyumba ya vyumba vitatu? Watu watasema nini?"

"Nitalala chumba kimoja. Hivyo viwili ni vya kuonyesha watu."

"Unanichekesha na mimi niko serious."

"Na mimi niko serious. Ghorofa ukishapanda juu unashuka kufanya nini?"

Ukweli ni kwamba hizo pesa za mkupuo, zile za kustaafu zinazolipwa mara moja, zilikuwa hazijafika. Zilikaa huko Nairobi karibu mwaka mzima, na madereva wenzake waliokuwa wamekopa wakizitegemea waliuza mashamba ili kulipa riba. Yeye aliuza dume mmoja kwa Abdihakim, mnunuzi wa ng'ombe wa Migori mjini, na familia ikala hadi pensheni ikaamka. Abdihakim ametusimulia mwenyewe mauzo yale.

"Mzee, umestaafu, uko na shida," alimwambia. "Nitakupa bei ya shida."

"Mwenye shida ni hii dume, Abdihakim. Haitaki kwenda na wewe."

"Basi niambie inataka ngapi."

"Inataka uanze upya."

Tangu siku ile aliuza dume mmoja kila mwaka, mwezi wa Desemba, wakati mji mzima unatafuta nyama. Jike hakuuza kamwe. Pensheni ya mwezi ikawa ya nyumba kama mshahara ulivyokuwa, na ng'ombe wakawa wa ugonjwa na wa jambo lisilotazamiwa. Mkupuo ulipofika, sehemu kubwa aliifungia ushirika mahali ambapo haiwezi kutolewa kwa hasira. Sehemu nyingine ilikata bima ya matibabu ya watu wawili. Iliyobaki ilinunua cherehani mbili na chumba cha kushonea Kehancha, kwa jina la Phelesia. Waliokuja kukopa aliwaambia pesa amempa mke. Wakienda kwa Phelesia, aliwaambia pesa anayo mzee. Walipishana njiani hivyo kwa mwaka na zaidi, mpaka wakachoka, na hakuna aliyefukuzwa kwa ukali.

Hapa lazima tuseme na upungufu wake, maana matanga si mahali pa kuufukia. Mzee Gisiri alikuwa na ng'ombe katika mazizi ya watu kutoka Mabera hadi Lambwe, na aliyejua mazizi yote alikuwa yeye peke yake. Mke alijua wapo. Wapo kwa nani, hakujua. Ukimya uliomlinda dhidi ya ukoo kwa miaka thelathini na zaidi ulikuwa umemfungia nje mtu aliyetakiwa kuwarithi. Akiulizwa alisema, "Nitakuonyesha," na akaahirisha, kama wanaume wa hapa wanavyofanya wote, wakifikiri kumwonyesha mke mali ni kujiitia kifo.

Tarehe 9 Februari 2024 kiharusi kilimpata akiwa anafunga kamba za viatu. Mkono na mguu wa kulia vililegea, na ulimi ukafungika. Alilazwa hospitali mjini Migori. Bima ililipa hadi ilipofika mwisho wake, na baada ya hapo ikawa ni mfuko wa Phelesia. Aliuza cherehani moja, Lynnet akakopa kazini kwake. Wakati wote huo kulikuwa na ng'ombe wa mgonjwa wanaokula majani mahali fulani, na mwenye kujua amelala pale macho wazi hawezi kusema. Phelesia akawa anamkalia kitandani akimtajia mahali. "Mabera? Rongo? Lambwe? Sindo kwetu?" Mkono wa kushoto ukibonyeza, anatuma mtu. Mara mbili mtu alifika akakuta watu hawajawahi kumwona Gisiri. Mkono ulikuwa unabonyeza tu kwa sababu mke amemshika.

Dada alisema neno moja wakati ule, na alisema mbele yake, akijua anasikia: "Baba Lynnet, ukienda hivi, mimi nitabaki na jina lako na cherehani moja. Hizo ng'ombe zitakuwa za waliozishika."

Ulimi ulianza kufunguka mwezi wa Juni. Watoto walingoja baba atamke nini, na maneno ya kwanza yaliyoeleweka vizuri hayakuwa ya mapenzi. Alisema, "Tafuta gari."

Willis akaleta gari la mteja aliyekubali. Kuanzia Agosti hadi Desemba mwaka ule, kila mwili ulipomruhusu, marehemu alipelekwa boma kwa boma, na Phelesia kando yake. Hakushuka garini isipokuwa lazima. Alikuwa na utaratibu wake: mwenye boma aje, na mke wa mwenye boma aje pia, kwa sababu, alisema, wanaume hufa kwanza na ushahidi unabaki jikoni. Ng'ombe aletwe. Phelesia ashike kamba mkononi, watu wakiona. Kisha marehemu anasema kwa ulimi wake mzito, "Huyu ndiye mwenye ng'ombe. Mimi nilikuwa nachunga tu."

Lambwe kwa Mzee Ong'ele, rafiki yake tangu siku za mitego ya mbung'o, jambo hilo halikupita bure.

"Gisiri, omera, ndugu yangu," Mzee Ong'ele akasema, ameshika dirisha la gari, "tunampa mwanamke kamba? Huko kwenu Kuria watasema nini?"

"Huko kwetu nimeshakufa nusu. Hii nusu iliyobaki inasema mpe."

"Na ndugu yako akija?"

"Akija, muulize mke wako alichoona."

Mke wa Ong'ele, Mama Asenath, alikuwa amesimama pale na mikono ina unga. Akasema, "Nimeona." Halafu, kwa kuwa naye ni mtu wa soko, akaongeza kwamba kama mwenye ng'ombe amebadilika, basi na masharti yaangaliwe upya, maana majani ya siku hizi si ya zamani. Zamani ndama wa mfugaji alikuwa uzao wa nne. Sasa alitaka wa pili. Phelesia alimwambia wa pili huyo labda ni wa mbuzi. Wakabishana pale, kamba ikiwa bado mkononi, jua limepanda, wanaume wawili wazee wakiwaangalia kama mchezo wa mpira. Walifungia uzao wa tatu. Ndani ya gari marehemu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo uliokuwa unafanya kazi, akamwambia Willis, "Twende. Mama yako ameiva."

Si kila boma lilikuwa la Ong'ele. Kuna moja, hatulitaji, ambapo rafiki yake alikuwa amefariki mwaka 2022. Watoto walisimama langoni. "Baba hakutuambia kitu," walisema. "Ng'ombe hizi tumezikuta zetu." Marehemu aliwaona ng'ombe wake watatu kwa macho, nyuma ya ua, na mmoja alikuwa na baka jeupe pajani alilolijua tangu ndama. Willis alitaka kushuka. Baba akamzuia.

"Nani atakushuhudia?" akamuuliza. "Mimi na maiti?"

Safari ikafika Rongo. Hapo akasema kwamba hao watatu ndio karo yake ya kunyamaza, na kwamba mwenye akili huilipa mara moja tu. Kuanzia boma lililofuata hakuruka mke wa mtu yeyote, hata yule mmoja aliyekuwa kisimani na wakamngoja mpaka akarudi.

Mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba mwezi wa Septemba, na tarehe 6 Oktoba alirudi hospitali. Bima ilikuwa imekatwa upya Januari na Phelesia mwenyewe, na safari hii aliuza dume mmoja kwa Abdihakim bila kumuuliza mtu, akapata bei nzuri kuliko ya mzee, jambo alilohakikisha mgonjwa amelisikia. Siku ya Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 2025, alasiri, marehemu aliomba chai, akanywa kidogo, akauliza kama mvua imenyesha Lambwe. Akaambiwa imenyesha. Akasema, "Vizuri," na baada ya muda mfupi akatutoka, mkewe na binti yake wakiwa kando. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Wengi wenu mmekuja na swali moja moyoni, na ni heri lijibiwe hapa kuliko huko njiani. Siku ya Jumatano wiki hii ukoo ulikaa hapa uwanjani kupanga mazishi. Mzee Nyangau alisimama, na alisema kwa heshima, kwamba ng'ombe wa mwana wa Maroa wakati wa kifo hurudi katika zizi la Maroa. Wachache wachinjwe, watu wajue mkubwa amelala, na waliobaki wakae hapa chini ya ukoo, na mjane atatunzwa kutoka hapo. Wazee wengi walitikisa vichwa kukubali. Hivyo ndivyo ilivyofanyika daima. Phelesia alikuwa ameketi mkekani. Sisi watu wa Sindo tulimwangalia naye hakutuangalia.

Wakati mazungumzo yakiendelea, wageni wa Lambwe wakaingia langoni kutoa pole. Mzee Ong'ele alivua kofia kwa wazee, lakini mke wake hakusimama hapo. Alipita moja kwa moja hadi mkekani, akainama, akamshika Phelesia mikono.

"Pole, nyar Sindo. Pole sana," alisema. "Na ujue ile nyekundu yako imezaa jana asubuhi. Dume. Mama na mtoto wako sawa."

Mzee Nyangau akageuza kiti.

"Samahani, mama. Nyekundu ya nani?"

"Ya huyu." Mama Asenath hakunyanyuka. "Alikuja akashika kamba mbele yangu, mzee wake akiwa hai ndani ya gari. Nikiipeleka kwa mtu mwingine nitaitwa mwizi, shemeji, na mimi sijafikia hapo."

Nyangau akamwangalia Ong'ele, pengine akitafuta neno la mwanamume. Ong'ele akasema, "Mimi nilikuwepo pia, lakini umemsikia mwenye kusema." Na wakati hilo halijatulia, wakafika watu wa Mabera, mume na mke, na yule mke naye akaenda kwanza mkekani na kwanza akasema pole, na pili akasema habari ya ng'ombe. Wa Rongo walipiga simu, wakamwomba Phelesia, si mwingine.

Mzee Nyangau si mtu mdogo. Alikaa, akamaliza chai yake polepole, akaweka kikombe chini. Kisha alisimama, akavuka uwanja mwenyewe hadi mkekani, akachuchumaa.

"Shemeji," alisema, "niko na wageni kutoka pande mbili na sina nyama. Naomba dume moja."

Alisema naomba. Wote waliokuwepo walisikia.

"Moja, shemeji," Phelesia akajibu. "Ile ya Mabera iliyovunjika pembe. Na ngozi inarudi kwangu."

"Ngozi si tuachie wachinjaji?"

"Inarudi kwangu."

"Basi," akasema Nyangau, na hapo ndipo mipango ya mazishi haya ilipoendelea. Nyama mtakayokula leo ni hiyo. Hakuna aliyekopa, hakuna mchango uliobaki unadaiwa, na tenti mnazoziona zimelipwa. Kama si kubwa kama za jirani, marehemu asingezikalia hata hivyo.

Mzee Zablon Gisiri Maroa ameacha mjane, Phelesia Adongo Gisiri, wa Ikerege na Kehancha. Ameacha watoto, Lynnet Robi, muuguzi Homa Bay, na Willis Maroa, fundi wa magari Migori, na wenzi wao. Ameacha wajukuu wanne. Yule mdogo alipewa jina la Zablon wiki iliyopita na bado hajazoea. Ameacha ndugu yake Mzee Nyangau Maroa na dada zake wawili walioolewa Mabera na Isebania. Ameacha shemeji zake wa Sindo ambao aliwalipa saba. Ameacha marafiki aliowalazia ng'ombe, walio hai na waliokufa, na wake zao.

Mtakapoondoka hapa baadhi yenu mtataka kununua, wengine mtataka kufugishwa. Msije kwa Mzee Nyangau, wala kwa Willis, wala kwa anayewasomea. Mwenye ng'ombe ameketi pale mbele, amejifunga leso ya kijani, na kuanzia Jumatatu yuko Kehancha katika chumba cha cherehani. Bei yake mtaiona wenyewe.

Mzee Gisiri, tunakushukuru. Ulichokuwa unachunga kimepata mwenyewe, sasa lala ukiwa umetulia kwa Mungu wako.